Gitare na Nyumba: Ukumbusho wa Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke

(Hotuba ya katekista mbele ya wakristu na wageni, jioni ya wanamuziki, katika sikukuu ya jubilei ya parokia, Mubambiro)



Katika siku hizi za jubilei tumekwisha kuwakumbuka wengi. Tumewakumbuka wamisionari, tumewakumbuka makatekista wa kwanza waliotembea kwa miguu kutoka kilima hadi kilima, tumewakumbuka wamama waliobeba mawe meusi ya volkano vichwani ili nyumba ya Mungu ipate msingi. Hiyo ni haki yao. Lakini katika mkutano wa kamati, mkubwa wa korali alisimama akauliza neno moja: "Na wanamuziki, nani atawakumbuka?" Hakuna aliyemjibu. Ndiyo sababu tumeagizwa kusimama mbele yenu jioni hii.

Tumefikiri sana ni nani wa kumtaja. Tukimtaja mmoja wa hapa, jamaa kumi zitauliza kwa nini si wao. Basi tumechagua mtu ambaye hakuwa mtoto wa Masisi wala wa Walikale, lakini lugha aliyoimba ni hii yetu ya Kingwana, nasi wote tuliolelewa karibu na radio ya baba tumeisikia sauti yake. Ni Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, mpiga gitare wa Katanga.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Zamani zile, radio ya nyumbani ilikuwa kitu cha heshima. Mawe yake yaliwekwa juani ili yapate nguvu kidogo, na watoto walikatazwa kugusa kifungo. Jioni, baba alipofungua, ikasikika gitare moja lililopigwa kama magitare mawili, sisi watoto tulinyamaza bila kuamriwa. Baba alisema neno moja tu: "Huyu ni Bosco." Ni kama alikuwa anamtaja ndugu yake.

Tueleze basi maisha yake kwa ufupi. Mwenda alizaliwa mwaka wa 1930, katika ukoo wa Bayeke wa Bunkeya. Wale waliosoma historia wanajua kwamba Bunkeya ilikuwa makao ya Mwami Msiri, ambaye asili yake ilitoka Unyamwezi, na ambaye aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara uliotumwa kwa jina la mfalme wa Wabelgiji. Kwa hiyo kijana yule alitoka katika watu waliokuwa wameshika biashara na utawala, na ambao nguvu zao zilikuwa zimevunjwa. Katika siku zake, njia ya kupata chakula ilikuwa imegeuka: watu walitoka vijijini wakaenda mijini, kwenye migodi na maofisi ya Wazungu. Naye alikaa katika mji wa Jadotville, ambao tangu mwaka wa 1966 unaitwa Likasi.

Alibatizwa jina la Jean-Bosco. Jina hilo halikufika Katanga kwa bahati tu. Mapadri Wasalesiani, wana wa Mtakatifu Yohane Bosco, walifika Elisabethville mwaka wa 1911. Na mtakatifu yule, kama mnavyojua, alipokuwa kijana kule Italia aliwakusanya watoto kwa michezo ya mazingaombwe na kwa kutembea juu ya kamba, kisha akawafundisha sala. Hakuona aibu kumtafutia Mungu watu kwa njia ya furaha. Tunapenda kufikiri kwamba mpiga gitare wetu hakupewa jina lisilomfaa.

Mwaka wa 1952, Mwingereza mmoja jina lake Hugh Tracey, aliyekaa Afrika ya Kusini, alikuwa akizunguka nchi nyingi na vyombo vyake vya kunasa sauti, akitafuta muziki wa Waafrika. Alipofika Jadotville alimkuta Mwenda, kijana wa miaka ishirini na miwili. Akanasa wimbo wake wa "Masanga". Wimbo huo ulipewa tuzo la Osborn la mwaka ule, na disiki zake zikaenda mbali kuliko yeye mwenyewe alivyokuwa amewahi kwenda. Baada ya hapo alinaswa zaidi ya nyimbo mia moja. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi, akawa na kipindi chake kwa radio, akitangaza dawa ya Aspro kwa gitare lake. Vijana wa Kenya waliosikia mapigo yake walikaa usiku kucha wakitafuta jinsi ya kuyafuata. Miaka ya 1961 na 1962, mwalimu mmoja wa London, David Rycroft, aliandika noti za gitare lake moja moja, akazichapa katika gazeti la wataalamu. Na mwaka wa 1969 Mwenda alialikwa Marekani, kwenye sikukuu kubwa ya muziki ya Newport.

Ndugu zangu, tulieni kidogo mlifikirie jambo hili. Kingwana, lugha ambayo wengine waliiita lugha ya kambi na ya soko, lugha ambayo shuleni tuliadhibiwa kwa kuisema uwanjani, ilifika London na Marekani ikiwa mdomoni mwa mtu mmoja mwenye gitare. Hakuibadili ili apendwe. Aliiimba kama ilivyosemwa barabarani Likasi, nao wakaja kwake na kalamu mkononi.

Lakini si kwa sababu ya sifa hiyo peke yake tumemchagua. Wenye sifa ni wengi. Tumemchagua kwa sababu ya jambo ambalo watu hawalisemi sana: kwamba sifa haikumwondoa nyumbani. Mtu huyu, ambaye angeweza kuzunguka maisha yake yote kutoka baa hadi baa, alirudi kwao. Alifanya kazi ya banki Jadotville. Alikuwa na kazi katika kampuni kubwa ya migodi, Gécamines. Aliongoza orkestre yake, Super Shaba. Alikuwa na hoteli yake upande wa mpaka wa Zambia. Alikuwa na mke na watoto, na watu wa ukoo waliomtegemea. Asubuhi alikuwa mtu wa hesabu, jioni alikuwa mtu wa gitare, na siku zote alikuwa baba.

Kwa nini alifanya hivyo? Tukumbuke mambo ya wakati ule. Wanamuziki wengi wa miaka ile walilipwa mara moja tu kwa wimbo, basi ikaisha. Disiki ikiuzwa Nairobi, Léopoldville au Johannesburg, mwenye wimbo hakuona tena makuta yoyote. Mtu aliyeimba bila kazi nyingine alizeeka akisifiwa na kulala njaa. Mwenda alikuwa na akili ya Bayeke, watu wa biashara. Hakulaumu gitare kwa kutomlisha, wala hakuwaambia watoto wake wangoje mpaka disiki iuzwe. Alitafuta mkate mahali pa mkate, akaacha wimbo ubaki wimbo.

Wapiga gitare waliopo hapa watatuelewa vizuri tukisema juu ya vidole vyake. Ufundi wa Katanga wa siku zile ulikuwa wa vidole viwili vya mkono wa kuume: kidole gumba na kidole cha kuonyesha. Kidole gumba kinashika sauti nene za chini, kinatembea bila kusimama, kama mtu anayelima. Kidole cha kuonyesha kinacheza juu yake, kinakwenda, kinarudi, kinatania. Mwenye kusikia huvutwa na kile cha juu. Lakini fundi anajua kwamba gumba likipotea, wimbo wote unaanguka. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi tunaona kwamba maisha ya Mwenda yalipigwa hivyo hivyo. Kazi na nyumba zilikuwa gumba lake. Watu hawakulipigia makofi, lakini ndilo lililobeba yote.

Mwaka wa 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo. Kardinali Malula alipopinga siasa ile alilazimishwa kuacha nchi kwa miezi, na wakristu wengi walibaki na jina la ubatizo katika daftari la parokia tu na katika mdomo wa mama. Jean-Bosco naye akaitwa Mwenda wa Bayeke. Katanga ilikuwa imekwisha kuitwa Shaba. Majina ya miji yalibadilika, fedha ilibadilika, lakini mtu aliyesikia gitare lile alijua ni nani bila kuuliza jina.

Alikufa mwaka wa 1990, kwa ajali ya gari huko Zambia, akiwa na umri wa miaka sitini. Mwenzake na ndugu yake Edouard Masengo, aliyepiga naye gitare tangu siku za zamani, alimfuata miaka mingi baadaye. Hivyo kizazi kile kikapita.

Wapendwa, hotuba ingeweza kuishia hapo, nasi tungepiga makofi na kwenda kula. Lakini jubilei katika Maandiko Matakatifu ni mwaka wa kurudisha vilivyochukuliwa na kusamehe madeni. Mwenye deni hawezi kusherehekea jubilei kabla hajalitaja. Sisi tunaosema nanyi tuna deni, na ni juu ya gitare.

Miaka mingi imepita. Katika korali yetu kulikuwa na kijana, hatutalitaja jina lake, mama yake anaishi. Alijitengenezea gitare kwa kopo la mafuta, ubao na nyuzi za breki za baiskeli. Siku za kazi alisukuma chukudu akipeleka makaa na viazi Goma. Siku ya Posho jioni alipiga gitare katika baa moja ya Sake, na Siku ya Mungu alikuja Misa mapema, macho mekundu, lakini alikuja. Watu wakaanza kusema. Wazee wa shirika walituita wakasema: "Katekista, mtu wa baa anaimba Utukufu mbele ya altare?" Nasi, tuliokuwa tumesoma katika seminari ndogo na kujiona wenye kujua usafi wa liturujia, tulimwita nyuma ya kanisa tukamwambia: "Chagua. Gitare au korali." Alitutazama kwa muda mrefu. Hakutukana. Alisema tu: "Baba, lile ndilo linanunua sabuni ya mama." Sisi tukarudia: "Chagua."

Hakurudi Siku ya Mungu iliyofuata, wala nyingine. Baadaye alivunja gitare lake mwenyewe, hivyo tulivyosikia. Baada ya mwaka mmoja tukasikia kwamba yuko porini, amepewa bunduki. Hatujamwona tena.

Hatusemi kwamba gitare lingemzuia. Vita vya nchi hii vina mizizi mirefu kuliko wimbo, na wengi walichukua bunduki bila kufukuzwa na mtu yeyote. Tunasema tu hivi: kijana yule alikuwa na milango michache, nasi tulifunga mmoja, na tuliufunga kwa jina la Kanisa, ambalo halikututuma kufanya hivyo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka wa 1963, ulitaka muziki wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mwaka wa 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, Misa ambayo watu wanacheza mbele ya Bwana. Mambo hayo tuliyasoma. Tulipata alama nzuri katika mtihani. Halafu tukamfukuza mtoto mwenye gitare la kopo.

Kama siku ile tungekuwa na akili ya kumkumbuka Mwenda, tungesema neno jingine. Hatungemwambia "chagua". Tungemwambia: "Mwanangu, shika yote mawili. Sukuma chukudu yako, ni kazi ya heshima, na hata Mtakatifu Paulo alishona mahema ili asiwalemee watu. Jiwekee akiba kidogo. Ukioa, mke wako asijue njaa kwa sababu ya wimbo wako. Piga gitare mahali ambapo hutaona aibu mama yako akipita. Na Siku ya Mungu ulilete hapa." Maneno hayo ni mepesi. Hatukuyasema.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na tunayaomba mbele ya wageni wetu ili tusiweze kuyakana kesho.

Kwanza, kwa wazazi. Mtoto wako akileta gitare nyumbani, usilitupe juu ya paa. Muulize kazi gani atafanya mchana. Akikosa jibu, msaidie kulitafuta: shamba, ushonaji, butike ndogo ya chumvi na sabuni, ufundi wa seremala. Gitare si adui wa nyumba. Uvivu ndio adui, nao hukaa hata kwa mtu asiyejua kuimba.

Pili, kwa ninyi vijana wenye kipaji. Msijidanganye kwamba kipaji kinamfungua mtu kutoka wajibu wake. Yule aliyepewa talanta aliulizwa hesabu yake. Tunawajua wanamuziki ambao mji mzima unawacheka na kuwashangilia, na watoto wao hawana kalamu ya shule. Huo si usanii, ni deni. Mtazameni Mwenda: tuzo halikumkataza kukaa katika meza ya banki.

Tatu, kwa sisi viongozi wa parokia. Tunapokuwa na sikukuu tunawaita wanamuziki, wanapiga tangu asubuhi hadi jua kushuka, na mwishoni tunawapa soda moja na baraka. Baraka ni nzuri, lakini haiendi sokoni. Mfanyakazi anastahili ujira wake, hata kama kazi yake ni kufurahisha. Tuweke kitu kidogo katika sanduku la parokia kwa ajili ya nyuzi za magitare na ngozi za ngoma. Na atakayekuja na gitare la kopo, tusiulize kwanza jana alipiga wapi. Tuulize kama ana njaa.

Hapa kwetu, ndugu, tumeona mengi. Barabara hii ya Goma na Sake imepitisha wakimbizi wa mwaka 1994, imepitisha majeshi ya kila rangi, na mwanzoni mwa mwaka wa 2024, mapigano yalipofika katika milima ya Sake, ilijaa watu wenye magodoro vichwani wakielekea Goma. Usiku mmoja wa siku zile, kati ya vibanda vya turubai, tulisikia mzee mmoja akipiga gitare polepole. Watoto waliokuwa wakilia walinyamaza. Ulikuwa wimbo wa Mwenda, ule wa radio ya baba. Mwenye wimbo alikuwa amelala kaburini miaka thelathini na zaidi, naye bado alikuwa anawabembeleza watoto wa Masisi. Mama mmoja aliyekuwa karibu nasi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu aliujua huo." Tulimtambua. Hatukuwa na neno la kumjibu.

Kwa mama yule, aliye pamoja nasi jioni hii, tunaomba msamaha mbele ya kusanyiko.

Sasa tusimame wote. Tuwaombee wanamuziki wa parokia yetu waliokufa, wale tunaojua majina yao na wale tuliowasahau. Tumwombee Jean-Bosco Mwenda, aliyelisha nyumba yake kwa kazi na kutulisha sisi kwa wimbo. Tumwombee kijana wetu, popote alipo: kama anaishi, Mungu amrudishe, naye akute mlango wazi na gitare limemngoja. Kama hayupo tena, Bwana ampokee katika korali ambayo hakuna anayefukuzwa.

Ee Bwana, uwape pumziko la milele, na mwanga wako uwaangazie.

Na tukimaliza sala, vijana, leteni magitare mbele. Leo myaweke karibu na altare.

 Tumsifu Yezu Kristu!